Jezi Nyeupe ya Silvesta

"Mama, hii namba moja mbona haijafuliwa?"

Severina aliinyakua ile jezi mikononi mwa mgeni.

"Hiyo usiishike!"

"Samahani, Mama. Nilidhani zote..."

"Zote zimefuliwa. Hiyo haifuliwi."

Mgeni akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake Abdulkadiri, mwenye hoteli ya chai na wali kule Mkomaindo, Masasi. Alikuwa amepanda basi la alfajiri mpaka Newala kwa ajili ya sanduku moja la bati, na sasa lilikuwa wazi mbele yake uani. Mlikuwamo jezi kumi na nne za bluu, mpira wa ngozi uliopasuka, njumu tatu zisizo na wenzake, glovu za kipa na kikombe kilichopoteza sikio moja. Na hiyo jezi ya kumi na tano, nyeupe, iliyokunjwa mara nne, imekakamaa kwa udongo mwekundu.

Hayo ndiyo yaliyobaki ya Upepo ya Newala. Kama hukuwahi kuisikia, pole yako. Timu hiyo ilizisumbua timu za kusini zote enzi chama cha ushirika cha korosho kilichoilea kilipokuwa na malori na nguvu. Ushirika ulipolegea, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao, korosho zikaenda kwao na timu ikafa bila hata kuzikwa. Jezi zikabaki kwa mfuaji wake, Severina, na hakuna aliyekuja kuziulizia. Miaka ikapita. Watoto wa mtaani, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa jina, wakampachika la kwao: Mama Jezi.

"Sikiliza, Mama," Abdulkadiri alianza tena, taratibu. "Mwezi ujao Kombe la Dunia linaanza. Nimeshafunga ungo, televisheni ipo, viti vipo. Watu watajaa. Lakini ukutani sitaki picha za Wabrazil tupu. Nataka watu wakiinua macho waone kwamba hata sisi tulicheza."

"Maneno mazuri."

"Na sikupi hela za kuisha. Nakuletea tangi. Lile jeusi la plastiki, la lita elfu. Na mabati ya paa, na mfereji, na fundi wa kufunga. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikukute na maji yako uani."

Msomaji ambaye hajawahi kukaa Newala hawezi kujua kijana yule alikuwa ametaja nini. Pale maji yanatafutwa bondeni huko, unashuka giza halijaondoka, unapanda jua limewaka, shingo imeingia mabegani. Severina alikuwa na miaka thelathini na minane na magoti ya mwanamke wa sitini.

"Chukua za bluu," alisema. "Chukua na kikombe. Hii nyeupe niachie."

"Haiwezekani, Mama."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Ni zote au basi. Na hiyo nyeupe lazima ifuliwe kwanza. Uifue wewe mwenyewe."

"Sharti gani hilo? Kwani huko Masasi hakuna sabuni?"

Abdulkadiri akakwepesha macho, akaanza kujikung'uta vumbi la suruali ambalo wala halikuwepo.

"Ndivyo ninavyotaka tu, Mama. Fikiri. Hii hapa namba ya simu ya hotelini. Ukishaifua, nipigie."

Akaacha kikaratasi juu ya kifuniko cha sanduku, akaaga kwa adabu, akaondoka. Severina akabaki amekumbatia kile kitambaa kigumu.

*

"Tangi?" Fatu aliuliza, ndoo ikiwa bado kichwani. "Tangi la maji, Severina? La lita elfu? Na unafikiri?"

Fatu ndiye jirani yake, Mama Mwanasha, mwanamke wa kucheka na kufoka kwa pumzi moja.

"Anataka niifue ile ya Silvesta."

"Si uifue!"

"Fatu."

"Usiniite Fatu kwa sauti hiyo. Kwa tangi la lita elfu mimi ningemuuza hata Baba Mwanasha, na ningemfua kabla sijamkabidhi."

Severina akacheka, hakupenda ila akacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Nikiifua, sina tena kitu chake."

Fatu akatua ndoo. Akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Mwenzangu, ngoja nikuambie, na ukasirike ukitaka. Mwaka wa kumi na nane huu. Watu wameoa, wamezaa, wameoza. Angekutaka angekuja. Newala haijahama. Wewe kila Jumapili ukitoka kanisani unafungua sanduku unanusa tope. Hayo ni maisha?"

"Jasho lake limo."

"Jasho! Hata harufu ya panya inakwisha, sembuse jasho."

Tuseme ukweli, na Severina mwenyewe alijua. Harufu ilikwisha zamani, pengine mwaka wa pili tu. Alichokuwa akinusa ni vumbi na bati. Lakini mtu anayerudi jioni kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia "pole na safari" hushika kilichopo.

*

Walijuana tangu shule ya msingi. Walikuwa na mchezo wao, mchezo wa watoto wote wa uwanda ule wa mikorosho: unakamua bibo, lile tunda la mkorosho, unachovya kijiti kwenye maji yake, unaandika kwenye kitambaa. Maji ya mabibo yakiwa mabichi hayaonekani vizuri. Subiri nguo ifuliwe kwa sabuni sasa! Maandishi yanajitokeza ya kahawia, na hayatoki tena mpaka nguo ichanike. Walimu walichapa watoto kwa kuharibu sare, lakini Silvesta na Severina waliandikiana hivyo hivyo kwenye leso mpaka darasa la saba.

Walipokua, Silvesta akawa kipa wa Upepo. Mfadhili mmoja, Mungu amsamehe, akaileta jezi ya kipa nyeupe. Nyeupe! Kwa kipa wa kujitupa kwenye udongo wa Newala! Jezi zote kumi na nne zilifulika kwa ndoo mbili. Ile moja ilikula ndoo nzima peke yake.

Mechi ya kwanza tu, Silvesta alikuja kwa mfuaji na ndoo ya maji kichwani.

"Wewe mwanaume unabeba maji kichwani?" Severina alimcheka. "Watu watakuonaje?"

"Wataniona nimekuchafulia kazi. Hii ndoo ni ya jezi yangu."

Akaja na Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata. Vijana wenzake wakamtania mpaka wakachoka. Mwaka mzima hakukosa, na kufikia mavuno ya korosho ya mwaka themanini hakuna aliyehitaji kuambiwa kinachoendelea.

Aliyehitaji kukubali ni mjomba. Kwa Wamakonde binti ni wa wajomba zake, na mjomba wa Severina alikuwa mtu wa neno moja. Barua ikifika nyumbani alifungua yeye. Mgeni akifika alihoji yeye. Silvesta alipotuma washenga, mjomba aliwauliza swali moja tu: ana mikorosho mingapi?

Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo Upepo ilicheza na timu ya Masasi, mvua ikinyesha. Silvesta alidaka penalti, akatolewa uwanjani kabebwa, mwili mzima tope. Jumamosi asubuhi Severina akangoja ndoo. Haikuja. Alikuja Alfani, beki wa pembeni, na gunia la jezi.

"Silvesta yuko wapi?"

"Kaondoka na lori alfajiri."

"Kaenda wapi? Kakuambia nini?"

"Kaniambia nikuletee jezi yake na za wenzake. Na kwamba uzifue leoleo. Basi."

Hakuna barua. Hakuna salamu. Severina alifua kumi na nne huku machozi yakidondokea kwenye povu. Alipoishika ya kumi na tano akasikia jasho la Silvesta, akashindwa. Akaikunja na tope lake, akaificha. Mjomba alipomletea wachumba aliwakataa mmoja mmoja, mpaka mjomba mwenyewe akafa wakiwa hawasemeshani.

*

Jumapili hiyo, baada ya maneno ya Fatu, Severina alipita uwanjani. Magoli yalishang'olewa kuwa kuni. Watoto walikuwa wakikimbiza mpira wa matambara, wamevaa fulana za mitumba zenye majina ya wachezaji wa Ulaya ambao wao wala hawawajui. Akakaa kwenye jiwe mpaka jua likakaribia kuzama. Watu walipita, wakamsalimu, "Shikamoo Mama Jezi," akaitikia, "Marahaba," wakaendelea na safari zao. Hakuna hata mmoja aliyesimama.

"Nitakufa," alijisemea kwa sauti, "na wataniosha, na hiyo jezi wataifanya dekio."

Jumamosi iliyofuata akaifua.

Alishuka bondeni mwenyewe, akapanda na ndoo. Aliimimina yote kwenye beseni, hakubakiza hata ya chai. Akaiingiza jezi. Maji yakawa mekundu palepale, na Severina akajikuta anaomboleza kwa sauti, peke yake uani, kana kwamba maiti ndiyo kwanza imeletwa leo. Fatu akachungulia ukutani, akaona, akarudi ndani kimya. Kwa Fatu, kunyamaza ni kazi kubwa.

Akapaka sabuni. Akasugua mgongo, mikono, kola. Akamwaga, akakopa ndoo ya Fatu, akasuuza. Jezi ikaanza kurudi kuwa jezi. Akaigeuza ndani nje ili asugue mshono wa namba, na mkono ukasimama.

Kulikuwa na doa. La kahawia, refu, chini ya namba.

"Fatu!" aliita. "Fatu, njoo uone, kuna kitu hapa!"

Fatu alikuja mbio, kanga inaburura. Wakainyoosha jezi wawili, mmoja huku mmoja kule, kuelekea jua. Halikuwa doa. Yalikuwa maandishi.

SEVE. MJOMBA WAKO KANIFUKUZA. NIPO MKOMAINDO KWA SHANGAZI. NJOO TUOANE. NANGOJA SIKU SABA. USIPOKUJA NITAJUA HUNITAKI. S.

Fatu alisoma kwa sauti, herufi moja moja.

"Alijua nafua Jumamosi," Severina alisema. "Alijua nitaifua siku ileile. Kila Jumamosi nilifua. Jezi zote nilifua, Fatu. Zote! Nikaacha yake."

"Mama yangu..."

"Nimeacha yake kwa sababu ya kumpenda!"

Akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Fatu akakaa naye, akamshika, wote wakalowa.

Ni Fatu aliyeinua kichwa kwanza.

"Severina. Yule kijana wa hoteli alisema lazima ifuliwe. Na uifue wewe."

Wakatazamana.

"Hoteli yake iko wapi ulisema?"

"Mkomaindo," Severina akajibu.

*

Kibanda cha simu cha Nurdini, karibu na soko, kilikuwa na foleni. Severina aliivuka yote, nguo zinachuruzika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nurdini akapiga namba, akamkabidhi mkono wa simu.

"Halo, hotelini."

"Abdulkadiri? Mimi Mama Jezi wa Newala."

"Mama! Shikamoo! Vipi, umeamua?"

"Nimeifua."

Severina akasikia kiti kinaanguka upande wa pili na kijana yule akipiga kelele mbali na simu: "Mzee Silvesta! Acha hiyo baiskeli! Njoo! Kaifua!"

Severina akashika ukuta wa kibanda.

"Halo," sauti ikasema. Nzito zaidi, imechoka, lakini yeye. "Seve?"

Severina akaikaza simu sikioni.

"Seve, upo? Imetoka? Imesomeka?"

"Imesomeka."

"Herufi zote?"

"Mpaka S yako."

Nurdini akajifanya anahesabu karatasi zake.

"Nilikungoja siku kumi na moja," Silvesta alisema. "Niliandika saba, nikangoja kumi na moja. Halafu nikaenda Lindi. Nikasema, basi, kasoma, kamchagua mjomba. Miaka yote nilijua umesoma. Mwaka juzi nikarudi hapa, natengeneza baiskeli mbele ya hoteli ya Abdulkadiri. Mwezi uliopita Alfani kapita, tukakumbushana ya zamani. Akaniambia, 'Yule mwanamke ana jezi yako mpaka leo, na hajaifua.' Nilikuwa nimeshika spana, ikaniponyoka."

"Kwa nini hukuja mwenyewe?"

"Niliogopa."

"Unaogopa nini? Penalti unadaka!"

"Niliogopa uwe umeisoma. Kwamba Alfani kakosea, umeisoma zamani na hukutaka. Nikasema nimtume kijana. Kama haijafuliwa kweli, Seve ataifua, ataona. Kama alishaona, kijana ataikuta imefuliwa, na mimi nitanyamaza."

"Silvesta," alisema, na sasa hasira ilikuwa inapanda, ya miaka yote, "Masasi hapo ni safari ya asubuhi moja. Siku ile, mwaka ule, hukuweza kupanda lori uje uniulize mdomoni? 'Seve, unanitaka, hunitaki?' Maneno matatu! Umeniachia kufua!"

"Nilikosea, Seve."

"Ulioa?"

"Nilioa, Lindi. Alifariki, huu mwaka wa tatu. Nina binti, Happiness, kaolewa hukohuko."

"Una mtoto."

"Ninaye."

"Mimi naitwa Mama Jezi, Silvesta."

Alisikia mwanaume analia kwenye simu. Hakumbembeleza. Alimwacha alie, na yeye akalia upande wake, na foleni yote ya Nurdini ikatazama chini.

"Nakuja kesho," Silvesta alisema mwishowe. "Na basi la kwanza. Nakuja Newala."

"Usije."

"Seve..."

"Nimesema usije. Barua imesema nije mimi. Uko kwa shangazi bado?"

"Shangazi alifariki. Nyumba ipo. Naishi humo."

"Basi kaa hapohapo. Na nipe Abdulkadiri."

Kijana akapokea, anapumua haraka.

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ni mwongo."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Za bluu ni zako, na kikombe, na mpira. Zitundike vizuri, na majina yao uyaandike, nitakutajia. Nyeupe haiuzwi."

"Sikuwahi kuitaka, Mama. Nilitaka ifuliwe tu."

"Na tangi nalitaka."

"Lakini Mama, si unahamia..."

"Nani kakuambia nahama? Sijaamua nitaishi wapi wala na nani. Tangi lifungwe kwangu. Mwambie na huyo mzee wako asianze kufagia."

*

Kufagia alifagia. Jumatatu saa tano asubuhi Severina alipofika Mkomaindo, ameulizia nyumba kwa watu watatu, alikuta ua umefagiwa mpaka barabarani. Mbele ya mlango, kwenye kigoda, alikaa mwanaume mwenye mvi na tumbo, shati limepigwa pasi vibaya. Pembeni yake ilikuwepo ndoo ya maji, imejaa, imefunikwa.

Alimwona, akasimama. Goti moja halikukunjuka sawasawa.

Severina hakukimbia. Alitembea jinsi magoti yake yalivyomruhusu. Alifungua kanga, akatoa jezi nyeupe, haijapigwa pasi, maandishi nje. Akamkabidhi. Silvesta akasoma maneno yake mwenyewe, kisha akaipima kifuani, na jezi ikaishia juu ya kitovu. Severina akaangua kicheko, hicho kicheko kikageuka kilio, na Silvesta akamvuta kwake akamshika. Alinuka mafuta ya baiskeli na sabuni. Haikuwa ile harufu. Severina aliitafuta, hakuipata, akaacha kuitafuta.

"Nilisema siku saba," Silvesta akamwambia sikioni. "Umechelewa, Seve."

"Nilikuwa sijafua," alijibu.